Kura "Zitahesabiwa": Na Nani?



Kijana mmoja msomaji wetu ameniletea barua fupi, nami nimeipenda kwa ufupi wake. Asema: "Nimewasikia wazee barazani wakizungumza khabari za Marekani, ya kwamba Januari 2021 watu walivunja madirisha ya Bunge lao kwa sababu ya uchaguzi. Lakini uchaguzi wenyewe ulifanywa Novemba 2020. Kura zilikuwa zimekwisha pigwa, zimekwisha hesabiwa, na dunia nzima imekwisha jua aliyeshinda. Basi, walikuwa wakigombea nini?" Kisha chini ya jina lake ameongeza swali la pili, ambalo nitalitaja mwisho.

Swali hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tukisikia kuwa uchaguzi umeharibiwa, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye sanduku: limeibiwa, au limejazwa karatasi usiku, au limetupwa mtoni. Huo ni wizi wa kishamba, na mara nyingi hujulikana. Iko njia nyingine ambayo haigusi sanduku wala karatasi. Nayo ni kumwendea yule mwenye kazi ya kutangaza kuwa kura ni kadha wa kadha, na kumtaka atangaze vingine. Mlango wa njia hiyo ulikuwa wazi katika sheria za Marekani kwa zaidi ya miaka mia mbili, na watu wakipita mbele yake kila siku bila ya kuuangalia.

Yatupasa kwanza tujue kuwa Mmarekani hamchagui Rais wake kwa mkono wake mwenyewe. Kila jimbo, katika majimbo yale 50, lina watu waitwao Wachaguzi, idadi yao ni sawa na jumla ya Wawakilishi na Maseneta wa jimbo hilo katika Kongresi, na mji mkuu wa Washington unao 3. Jumla yao ni 538, na apataye 270 ndiye Rais. Mwezi wa Desemba Wachaguzi wa kila jimbo hukutana kwao, huandika kura zao katika hati, huzitia sahihi, huzifunga na kuzipeleka Washington. Tarehe 6 Januari mabaraza mawili ya Kongresi, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, hukutana pamoja, na Makamu wa Rais, ambaye ndiye Mkuu wa Seneti, huzifungua hati hizo mbele yao.

Na baadaye? Rekebisho la 12 la Katiba yao, la mwaka 1804, lasema ya kuwa Mkuu wa Seneti atazifungua hati zote mbele ya mabaraza hayo mawili, na kura ndipo zitahesabiwa.

Zitahesabiwa! Msomaji aijuaye lugha yake ataona mara moja kilichokosekana. Kitendo kimetajwa, mtendaji hakutajwa. Ni kama mzee aliyeacha wasia na kuandika: "Mwanangu mkubwa atalifungua kasha mbele ya nduguze, na fedha zitahesabiwa." Ndugu wakiwa wanapendana, maneno hayo yatosha, kwani ahesabu yeyote na wengine watazame. Lakini siku wakikosana, mkubwa atasema: "Mimi niliyepewa ufunguo ndiye mhesabuji." Na wadogo watamjibu: "Wewe umepewa ufunguo tu, hesabu ni yetu sote." Kila mmoja ataushika wasia ule ule na kuusoma kwa sauti kubwa kuliko mwenziwe.

Siku ya kukosana ilifika baada ya uchaguzi wa 1876. Waligombea Samuel Tilden wa chama cha Democratic na Rutherford Hayes wa chama cha Republican. Tilden alimpita mwenzake kwa kura za watu kiasi cha laki mbili na nusu, na katika Wachaguzi alikuwa na 184 wasio na mzozo, amebakiwa na mmoja tu apate urais. Hayes alikuwa na 165. Waliobaki walikuwa 20, nao ndio walioleta vita vya maneno: 8 wa Louisiana, 7 wa South Carolina, 4 wa Florida na 1 wa Oregon. Kutoka majimbo yale matatu ya Kusini zilifika Washington hati zaidi ya moja kwa kila jimbo, na kila hati ikidai kuwa nyingine ni ya uwongo.

Wala haikuwa kazi nyepesi kuujua ukweli. Watu weusi wa Kusini walitolewa utumwani mwaka 1865, na haki yao ya kupiga kura iliandikwa katika Katiba mwaka 1870. Katika uchaguzi huu walitishwa, walipigwa, na wengine waliuawa ili wasikaribie vituo. Katika mji mdogo wa Hamburg, South Carolina, mwezi Julai mwaka ule wa 1876, kundi la wazungu wenye silaha liliwakamata watu weusi na kuwaua baadhi yao wakiwa wamekwisha shikwa, hawana la kufanya. Kwa upande wa pili, kamati za kuhakiki kura zilikuwa mikononi mwa wafuasi wa Republican, nazo zilifuta maelfu ya kura za wapinzani wao kwa hoja ya kwamba zimepatikana kwa vitisho. Hoja ilikuwa na kweli ndani yake, lakini wenye kuitumia walikuwa na haja yao.

Basi nani ahesabu? Makamu wa Rais alikuwa amekufa Novemba 1875, kwa hiyo ufunguo ulikuwa na Thomas Ferry, Seneta wa Michigan, mtu wa Republican. Chama chake kilisema: Ferry ndiye mwenye kuamua ipi hati ya haki. Wawakilishi, ambao wengi wao walikuwa wa Democratic, walisema: la, Kongresi nzima. Nchi iliyokuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka kumi na moja tu iliyopita ikaanza kusikia tena maneno ya bunduki.

Mwishoni mwa Januari 1877 walitunga sheria ya haraka ya kuunda tume ya watu 15: Maseneta 5, Wawakilishi 5 na majaji 5 wa Mahakama ya Juu. Watu wa tume hiyo, walipokwisha pangwa, walitokea kuwa 8 wa Republican na 7 wa Democratic. Ndugu msomaji, waweza kukisia walivyoamua. Kila mzozo ulikatwa kwa 8 dhidi ya 7. Wachaguzi wote 20 walipewa Hayes, naye akashinda kwa 185 dhidi ya 184. Hesabu ilikwisha alfajiri ya tarehe 2 Machi, siku mbili tu kabla ya muda wa Rais aliyekuwapo kumalizika.

Wanahistoria wabishana mpaka leo kama yalikuwapo mapatano ya siri ya kuwanyamazisha watu wa Democratic. Mimi sitaingia katika ubishi huo, kwani kilichofuata hakihitaji ushahidi wa siri. Kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, askari wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za South Carolina na Louisiana waliamriwa kurudi kambini, na watu weusi wakaachwa peke yao pamoja na waliokuwa mabwana zao. Louisiana ndiyo iliyokuwa na Wachaguzi wengi zaidi katika wale 20, tuitazame hiyo. Mwaka 1896 watu weusi walioandikishwa kupiga kura huko walikuwa 130,334. Mwaka 1898 ikaja katiba mpya ya jimbo, yenye masharti ya kusoma na ya mali, na kuwasamehe wale tu ambao baba zao au babu zao walikuwa na haki ya kura kabla ya 1867, yaani wakati ambapo babu wa mtu mweusi alikuwa mtumwa au ndiyo kwanza ametoka utumwani. Mwaka 1904 walioandikishwa walikuwa 1,342. Nawaomba vijana wazisome tena tarakimu hizo mbili polepole. Hakuna sanduku lililoibiwa hapo.

Baada ya miaka kumi ya kusitasita, Kongresi ilitunga Sheria ya Kuhesabu Kura za Wachaguzi, Februari 1887. Ilikuwa kiraka, na kiraka chenyewe cha nguo mbovu. Sentensi zake zilikuwa ndefu na zimesokotana hata mawakili walipotea ndani yake. Iliruhusu Mwakilishi mmoja na Seneta mmoja tu, wakitia sahihi pamoja, kuisimamisha hesabu ya jimbo zima, na mabaraza mawili kwenda kujadiliana kwa saa mbili. Tena sheria nyingine, ya mwaka 1845, ilisema kuwa jimbo "likishindwa kuchagua" siku ya uchaguzi, baraza la kutunga sheria la jimbo laweza kuchagua Wachaguzi baadaye kwa namna lipendayo. Kushindwa kuchagua ni nini? Sheria haikueleza. Na juu ya kazi ya Makamu wa Rais, sheria ya 1887 haikusema wazi kuwa hana hukumu.

Sheria hiyo ililala zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Pingamizi lilitolewa mwaka 1969 kwa ajili ya Mchaguzi mmoja wa North Carolina aliyekwenda kinyume, na mwaka 2005 juu ya Ohio; yote mawili yalikataliwa na watu wakaenda nyumbani. Richard Nixon mwaka 1961 na Al Gore mwaka 2001 walisimama, kila mmoja akiwa Makamu wa Rais, wakasimamia hesabu ya kushindwa kwao wenyewe. Kilichokuwa kikiilinda hesabu miaka yote ile hakikuwa sheria. Ilikuwa haya ya watu. Na haya ni ngome nzuri maadamu watu wanayo.

Sasa tuje kwenye swali la kijana wetu. Katika uchaguzi wa Novemba 2020 Joe Biden alipata kura za watu kiasi cha milioni 81, na Rais Donald Trump milioni 74. Katika Wachaguzi ni 306 kwa 232. Rais Trump alikataa kukubali. Yeye na wafuasi wake walifungua mashtaka zaidi ya 60, na karibu yote yalishindwa, mengine mbele ya majaji aliowateua mwenyewe. Kwenda mahakamani si kosa. Ndiko aliyeonewa anakotakiwa kwenda. Jambo ni yale yaliyofanywa baada ya mahakama kusema.

Tarehe 2 Januari 2021 Rais alimpigia simu Brad Raffensperger, afisa mkuu wa uchaguzi wa jimbo la Georgia, wakazungumza kiasi cha saa nzima. Georgia ilikuwa imehesabu kura zake kiasi cha milioni 5 mara tatu, mara moja katika hizo kwa mikono, na Biden alikuwa ameshinda kwa kura 11,779. Rais alimwambia kuwa anataka kuzipata kura 11,780. Tazama hesabu ile: imezidi kwa moja! Raffensperger ni mtu wa Republican, na Rais alikuwa amempigia kura yeye mwenyewe. Alijibu kuwa takwimu za Rais si sahihi, wala hakubadilisha kitu.

Wakati huo huo, katika majimbo saba ambayo Biden alikuwa ameshinda, vikundi vya wafuasi wa Trump vilikuwa vimekutana Desemba na kutia sahihi hati zao wenyewe za Wachaguzi, na kuzipeleka Washington. Hati mbili kwa jimbo moja: waliofungua vitabu vya 1876 walijua wafanyalo. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna gavana wala mahakama hata moja iliyozitambua hati za pili. Likabaki tumaini moja, yaani lile neno "zitahesabiwa". Rais na wakili wake walimtaka Makamu wa Rais, Mike Pence, adai kuwa mwenye ufunguo ndiye mwenye hesabu, azitupe hati za majimbo kadhaa au azirudishe. Pence aliandika barua kwamba Katiba haikumpa mtu mmoja uwezo wa namna hiyo.

Waliovunja madirisha tarehe 6 Januari walikuwa wakigombea hilo, ndugu yangu. Hawakuzitafuta kura. Walikwenda kuzuia neno la mwisho lisisemwe, au lisemwe jingine. Baadhi yao walipiga kelele kwamba Pence anyongwe, na nje ulikuwa umesimamishwa mti wa kunyongea. Yeye alifichwa chini ya jengo. Polisi kiasi cha 140 waliumizwa. Watumishi wa Seneti, ambao hakuna ajuaye majina yao, walipoambiwa watoke mbio hawakuyaacha yale masanduku ya mbao yenye hati za Wachaguzi. Waliyabeba mikononi wakaenda nayo. Usiku Kongresi ilirudi. Juu ya jimbo la Arizona Maseneta 6 waliunga mkono pingamizi na 93 walilikataa. Juu ya Pennsylvania 7 kwa 92. Katika Baraza la Wawakilishi walioliunga mkono lile la Pennsylvania walikuwa 138, na hii ilikuwa baada ya kuyakanyaga mavunjiko ya vioo. Pence alitangaza matokeo karibu saa kumi za usiku.

Wakubwa wana walinzi. Lakini mzigo wa mambo haya uliwaangukia pia watu wadogo, nami sipendi wapitwe. Katika mji wa Atlanta walikuwapo mama na binti yake waliofanya kazi ya kuhesabu kura. Wakili wa Rais alionyesha picha zao na kudai kuwa wanapeana kwa siri kifaa cha kuibia kura. Kitu mama alichompa bintiye, kama binti alivyoieleza kwa kiapo kamati ya Kongresi mwaka 2022, kilikuwa peremende ya tangawizi. Kwa ajili ya peremende hiyo walipokea vitisho vya kuuawa, na mama akaihama nyumba yake kwa miezi miwili kwa shauri la polisi wa serikali kuu. Desemba 2023 baraza la mahakama liliamua walipwe dola milioni 148. Hesabu kubwa, lakini ni nani atakayejitolea kesho kukaa kwenye meza ile na kuhesabu karatasi usiku kucha kwa ujira mdogo?

Baadaye Wamarekani wakaurekebisha wasia wao. Seneta Susan Collins wa Maine, wa Republican, na Seneta Joe Manchin wa West Virginia, aliyekuwa wa Democratic, waliongoza kazi ya kuiandika upya sheria ya 1887. Sheria mpya iliingizwa ndani ya sheria kubwa ya matumizi ya serikali, yenye kurasa zaidi ya 4,000, na Rais Biden aliitia sahihi tarehe 29 Desemba 2022. Nadhani ni nadra kitu kizito namna ile kupita mlango mwembamba namna hiyo, lakini kilipita.

Sheria hiyo yasema wazi kuwa kazi ya Makamu wa Rais ni ya utumishi tu: kufungua na kusimamia, si kuhukumu. Pingamizi haliwi pingamizi mpaka litiwe sahihi na sehemu moja katika tano ya kila baraza, yaani Maseneta 20 na Wawakilishi 87, na sababu zinazokubaliwa zimekuwa mbili tu. Hati ya jimbo ni moja, nayo hutolewa na gavana, au mkuu mwingine aliyetajwa na sheria ya jimbo kabla ya uchaguzi, si chini ya siku sita kabla ya Wachaguzi kukutana. Mwenye kudai haki kuhusu hati hiyo huenda mbele ya majaji watatu, na kutoka hapo haraka mpaka Mahakama ya Juu. Na lile neno la jimbo "kushindwa kuchagua" limefutwa.

Ilijaribiwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Januari 2025, theluji ikianguka Washington. Kamala Harris, Makamu wa Rais aliyekuwa ameshindwa na Trump, alisimama akasoma: Trump 312, Harris 226. Hakuna aliyetoa pingamizi. Kazi yote ilichukua kiasi cha nusu saa. Siku kumi na nne baadaye, Trump alipoapishwa, aliwasamehe watu kiasi cha 1,500 waliokuwa wameshtakiwa kwa mambo ya tarehe 6 Januari ile nyingine. Kwa hiyo sheria mpya imepita mtihani, lakini ni mtihani wa mwaka ambao aliyeshindwa alikubali kuwa ameshindwa. Mimi singeiita ngome imara kwa sababu ya siku moja ambayo haikushambuliwa.

Na sheria hii inalinda mwisho wa njia tu. Haisemi lolote juu ya nani apige kura. Baada ya watu weusi kupigwa na polisi darajani Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965, ilitungwa Sheria ya Haki za Kupiga Kura, iliyotiwa sahihi tarehe 6 Agosti mwaka ule. Nguvu yake kubwa ilikuwa sharti moja: majimbo yenye historia ya kuzuia watu, khasa ya Kusini, hayakuruhusiwa kubadili kanuni za uchaguzi mpaka serikali kuu ichunguze kwanza. Katika Mississippi watu weusi walioandikishwa walikuwa chini ya 7 katika kila 100. Kufikia 1967 walikaribia 60. Tarehe 25 Juni 2013 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilikifuta kipimo kilichotaja majimbo gani yachunguzwe, ikisema kuwa kimepitwa na wakati. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akifananisha uamuzi huo na kuutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hujalowa. Siku ile ile Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho iliyokuwa imezuiliwa. North Carolina nayo ilitunga sheria mwaka ule ule, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaibatilisha, kwa kuwa iliwalenga watu weusi kwa usahihi kama wa kisu cha mganga mpasuaji.

Insafu yataka niseme kuwa watu wa Republican wana shaka yao, nayo ni ya wapiga kura wasiostahiki. Kudai kitambulisho si dhuluma kwa asili yake. Nchi nyingi hufanya hivyo. Lakini ni kosa kwa asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa serikali kuu, na wanaopatikana wamefanya hivyo ni wachache mno. Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kumtaka kila ajiandikishaye alete hati ya uraia. Mimi niliposoma khabari hiyo niliwafikiria kina mama walioolewa wakabadili majina, ambao cheti chao cha kuzaliwa chasema jina moja na kitambulisho jingine. Wangapi watachoka njiani?

Miswada ya kuurudisha mwavuli ule ilishindwa katika Seneti Januari 2022, kwa sababu kanuni yao yataka Maseneta 60 ili kuufunga mjadala, na Maseneta wawili wa Democratic wenyewe walikataa kuibadili kanuni hiyo. Mmoja wao alikuwa Joe Manchin, yule yule aliyeiziba tundu ya mwaka 1887 kabla ya mwaka huo huo kwisha. Mtu huyo mmoja aliufunga mlango wa juu na kuuacha wa chini.

Na mlango wa chini watu wamekwisha uona. Katika wilaya ya Otero, New Mexico, Juni 2022, wajumbe watatu wa baraza la wilaya walikataa kuyathibitisha matokeo ya uchaguzi wa awali, wakisema hawaziamini mashine. Mahakama kuu ya jimbo iliwaamuru. Wawili walitii, wa tatu alikataa mpaka mwisho, naye alikiri kwa kinywa chake kuwa hana ushahidi wowote ila hisia zake tu. Katika Georgia, sheria ya Machi 2021 ilimwondoa afisa mkuu wa uchaguzi, kile cheo cha Raffensperger, katika uenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo. Hakufukuzwa kazi. Kiti tu ndicho kilichosogezwa.

Swali la pili la kijana wetu lilikuwa hili: yawezekanaje mtu apate kura nyingi za watu kisha asiwe Rais? Imetokea mwaka 2000, Al Gore alipomzidi mwenzake kwa kura zaidi ya laki tano, na mwaka 2016, Hillary Clinton alipozidi kwa karibu milioni tatu. Kwa nini Wamarekani hawalibadili jambo hilo ni kisa kirefu chenye watumwa ndani yake tangu mwaka 1787, na nafasi yangu imekwisha. Nitakieleza mwezi ujao, Inshallah.